Kanuni Ije Mwisho: Mhadhara Juu ya Kuwafundisha Watoto Sehemu Zilizo Sawa



Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa hisabati katika shule za msingi. Uwanja huo ni mpana, nami nimechagua kona moja tu: sehemu zilizo sawa, yaani zile zinazoandikwa kwa namba tofauti ilhali thamani yake ni moja. Mada hii huchukua vipindi vichache katika mwaka, na hupitwa upesi kwa kuwa inaonekana nyepesi. Mwalimu anaandika ubaoni 1/2 = 2/4 = 3/6, anasema "zidisha juu na chini kwa namba ileile", anatoa mazoezi, watoto wanapata yote, na kesho yake darasa linaingia mada nyingine.

Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo watoto wetu wengi wanapoachwa njiani. Wanaachwa kwa sababu tumewapa kanuni kabla hawajakiona kile ambacho kanuni inakieleza. Kanuni ije mwisho. Kitangulie kiasi chenyewe, na mtoto akione kwa macho yake kikibaki vilevile huku namba za kukitaja zikibadilika.

Kosa linatoka wapi

Mwaka 1978, katika upimaji wa kitaifa nchini Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa swali fupi. Hawakutakiwa kukokotoa. Walitakiwa kukadiria jumla ya 12/13 na 7/8 kwa kuchagua moja kati ya majibu haya: 1, 2, 19 na 21. Sehemu ya kwanza ni vipande 12 kati ya 13; kimekosekana kimoja tu ili kitu kitimie. Ya pili ni vipande 7 kati ya 8. Nayo imepungukiwa kimoja. Moja kasoro kidogo, ukiongeza moja kasoro kidogo, unapata karibu 2. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu ya watoto walichagua 19 au 21. Hiyo 19 ni 12 jumlisha 7. Na 21 ni 13 jumlisha 8.

Watoto hao walikuwa wamefundishwa sehemu kwa miaka kadhaa, na kujumlisha walikujua. Walichokosa ni kuiona 12/13 kuwa namba moja yenye ukubwa wake. Waliona namba mbili zilizotenganishwa kwa mstari, wakaanza kuzishughulikia moja moja. Hayohayo yamo katika madaftari ya watoto wetu: 1/2 jumlisha 1/3, jibu 2/5. Mtoto huyo alikuwa na nusu, akaongezewa, na jibu lake likawa dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Hashtuki, maana hakuna aliyemzoesha kujiuliza: sehemu hii ina ukubwa gani?

Tumwelewe mtoto kabla ya kumsahihisha. Tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba 8 ni kubwa kuliko 2, na 4 ni kubwa kuliko 1. Mafunzo hayo ni ya kweli na yamemfaa. Halafu siku moja tunamwambia kwamba 4/8 ni sawa na 1/2. Kila anachokijua kinakataa: namba zote mbili zimekua, itakuwaje kiasi kisikue? Akinyamaza, tusidhani amekubali. Huenda amejifunza jambo baya zaidi, kwamba hisabati ya darasani ni ya kufuatwa tu, si ya kuingia akilini.

Katika ukimya huo ndimo yanamozaliwa makosa tunayoyasahihisha mwaka hadi mwaka. Mmoja anasema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4. Mwingine, akiambiwa aandike sehemu iliyo sawa na 3/5, anaongeza 2 juu na 2 chini, anaandika 5/7. Wote wawili wanatumia akili. Wanatumia akili ya namba nzima mahali isipotosha.

Na madhara yake hayaishii katika mada hii. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia takwimu za watoto wa Marekani na wa Uingereza. Waliona kwamba ujuzi wa sehemu na wa kugawanya alionao mtoto akiwa na umri wa miaka kama 10 hutabiri uwezo wake katika aljebra, na katika hisabati kwa jumla, miaka mitano au sita baadaye, hata baada ya kuzingatia tofauti za kipato cha familia na za uwezo wa akili kwa ujumla. Anayejikwaa kwenye sehemu leo, tutamkuta ameketi nyuma ya darasa la sekondari akisema hisabati si yake.

Ukanda wa sentimita 24

Basi tuanzie wapi? Napendekeza tuanze na karatasi. Kata kanda zenye urefu wa sentimita 24, upana wowote, kila jozi ya watoto ipate kanda saba. Karatasi za mitihani iliyopita zinatosha, hata maboksi ya dukani. Ninasema 24 kwa sababu maalumu. Kukunja karatasi vipande viwili au vinne ni rahisi, lakini kuikunja vipande vitatu vilivyo sawa huwashinda hata watu wazima. Ukanda wa sentimita 24 unagawanyika kwa rula bila masalia: nusu ni sentimita 12, theluthi ni 8, robo ni 6, sudusi ni 4, thumni ni 3, na moja ya kumi na mbili ni 2.

Ukanda wa kwanza uachwe mzima, uandikwe 1. Wa pili ugawanywe nusu, wa tatu theluthi, wa nne robo, wa tano sudusi, wa sita thumni, wa saba vipande 12. Zipangwe moja chini ya nyingine, ncha za kushoto zikiwa zimelingana. Hapo mwalimu asifundishe kitu. Aulize tu: ni mistari gani imekaa juu ya mstari mmoja?

Watoto watavumbua wenyewe. Mstari wa nusu uko sawasawa na wa 2/4, na 3/6, na 4/8, na 6/12. Mstari wa 2/3 umeangukia 4/6 na 8/12. Mstari wa 3/4 umekutana na 6/8 na 9/12. Wataona pia panapokaribiana bila kukutana: 1/3 ni sentimita 8, na 3/8 ni sentimita 9. Jambo hili la mwisho lisipuuzwe. Mtoto anayejua kwamba karibu si sawa ameanza kujua sawa ni nini.

Nasisitiza kanda, si duara. Vitabu vingi huchora duara, na mwalimu hulichora ubaoni kwa mkono. Kuligawa duara vipande vitatu vilivyo sawa bila vifaa ni kazi ngumu, na mtoto anapochora duara lake la pili huwa dogo au kubwa kuliko la kwanza. Hapo linajitokeza sharti ambalo bila hilo mada yote inaanguka: tunalinganisha sehemu za kitu kizima kilekile. Nusu ya mkate mkubwa si sawa na nusu ya mkate mdogo, ingawa zote ni nusu. Ukimchorea mtoto 1/2 kwenye duara kubwa na 2/4 kwenye duara dogo, macho yake yatamwambia haziko sawa, na macho yake yatakuwa yamesema kweli. Kanda zina urefu mmoja; kosa hilo halipati pa kuingilia.

Darasa lenye watoto 80 na rula chache linaweza nalo kufanya kazi hii. Mwalimu apime ukanda mmoja wa mfano kwa kila kundi, watoto wanakili alama zake. Pasipo karatasi, kuna uwanja wa shule, kijiti na kamba.

Toka kwenye ukanda, nenda kwenye mstari wa namba. Ulaze ukanda ubaoni, andika 0 mwanzoni na 1 mwishoni, kisha uondoe ukanda ubakize mstari. Sasa 1/2, 2/4 na 3/6 ni nukta moja yenye maandishi matatu. Endeleza mstari kupita 1, mtoto aone kwamba 3/2 na 6/4 nazo zina mahali pao. Hapo ndipo sehemu inapoacha kuwa "kipande cha kitu" na kuwa namba miongoni mwa namba.

Kisha mwonyeshe jambo hilohilo katika vitu vya kuhesabika. Vizibo 12 vya soda, umepewa robo tatu: umepewa vizibo 9, kwa hiyo 3/4 = 9/12. Mwonyeshe katika saa: dakika 15 kati ya 60 ni robo saa, dakika 20 ni theluthi, dakika 40 ni theluthi mbili. Mwonyeshe katika vipimo vya bibi zetu wa pwani: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, basi nusu pishi ni kisaga kimoja kati ya viwili, na ni vibaba viwili kati ya vinne. Mchele ni uleule.

Kanuni inapozaliwa

Mtoto akishayaona hayo, ameiva kwa kanuni, na tusimpe, tumwache aizae. Achukue karatasi ya mstatili, aigawe kwa mistari ya wima vipande vitatu vilivyo sawa, apake rangi viwili. Ana 2/3. Sasa aikate karatasi hiyohiyo kwa mistari ya mlalo, safu nne. Ahesabu. Vipande vyote vimekuwa 12, na vyenye rangi vimekuwa 8. Ana 8/12. Je, rangi imeongezeka? Haijaongezeka hata chembe. Kilichotokea ni kwamba kila kipande kimekatwa vipande vinne, chenye rangi na kisicho na rangi. Kwa sababu hiyo asili, ile namba ya chini, imezidishwa kwa 4. Na kwa sababu hiyohiyo kiasi, ile namba ya juu, kimezidishwa kwa 4.

Hii ndiyo maana ya "zidisha juu na chini kwa namba ileile". Ni maelezo ya kitendo cha kukata. Na mtoto aliyekiona kitendo hicho anajua pia kwa nini kuongeza hakufai. Ukiongeza 1 juu na 1 chini ya 2/3 unapata 3/4: si vipande vilevile vilivyokatwa upya, ni kiasi kingine kabisa. Mwambie apime kwenye kanda zake: 2/3 ni sentimita 16, na 3/4 ni sentimita 18. Ubishi umekwisha.

Kwa watoto wakubwa kidogo tuongeze hatua moja. Kuzidisha juu na chini kwa 4 ni kuzidisha sehemu kwa 4/4, na 4/4 ni 1. Namba ikizidishwa kwa 1 haibadiliki. Mtoto anayelifahamu hili katika shule ya msingi amepata ufunguo utakaomsaidia mpaka kwenye sehemu za aljebra.

Kurahisisha ni safari ya kurudi. Katika 18/24 tunaunganisha vipande sita sita: vipande 18 vinakuwa vifungu 3, na 24 vinakuwa 4, tunapata 3/4. Anayejua kigawo kikubwa cha shirika atagawa kwa 6 mara moja. Asiyekiona atagawa kwa 2, apate 9/12, kisha kwa 3, afike palepale. Njia zote mbili ni halali, na wa pili asinyimwe alama kwa kuchukua hatua ndogo.

Sasa niwape swali la kumtambua aliyeelewa na aliyekariri. Muulize: 6/8 ni ngapi ya 12? Aliyekariri atatafuta namba nzima ya kuzidisha 8 ili apate 12. Haipo. Wengi watarukia kuongeza: 8 imeongezwa 4, basi na 6 iongezwe 4, jibu 10/12. Aliyeelewa atasema 6/8 ni robo tatu, na robo tatu ya 12 ni 9. Amerudi kwenye kiasi chenyewe, akakitaja upya. Swali hilo moja linatuambia mengi kuliko mazoezi 20 ya aina moja.

Baada ya hapo, ile njia ya mkato ya kuzidisha juu ya hii kwa chini ya ile haina madhara tena. Katika 6/8 na 9/12, 6 mara 12 ni 72, na 9 mara 8 ni 72. Mtoto aelezwe kwa nini: zote mbili zingeweza kuandikwa kwa asili ya 96, nazo zingekuwa 72/96. Mkato ni mzuri kwa anayeijua njia ndefu.

Mirathi na mikate

Wapo wanaouliza mtoto wa mkulima au wa mvuvi atazifanyia nini sehemu zilizo sawa. Nawajibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa majumbani mwa Waislamu wetu. Mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa sheria ya mirathi, kwa kuwa kuna mtoto, mke anapata thumni, mama anapata sudusi, na mtoto anachukua kinachobaki. Thumni na sudusi hazijumlishiki zilivyo, maana vipande vyake si vya ukubwa mmoja. Anayegawa hutafuta asili inayogawanyika kwa 8 na kwa 6, na ndogo kabisa ni 24. Thumni inakuwa 3/24, sudusi inakuwa 4/24, na mtoto anabakiwa na 17/24. Kama mali iliyobaki baada ya madeni na wasia ni shilingi 2,400,000, mke atapata 300,000, mama 400,000, na mtoto 1,700,000. Kazi yote hiyo ni ya sehemu zilizo sawa. Ikikosewa, mjane anadhulumiwa, na anayeijua hesabu yake hadhulumiki kirahisi.

Wa pili unatoka katika bara letu, zamani sana. Mnamo mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili hati ya hesabu kutoka maandishi ya kale zaidi. Sehemu kubwa ya hati hiyo leo iko British Museum, London, na inajulikana kama mafunjo ya Rhind. Moja ya maswali yake ni kuwagawia watu 10 mikate 9. Wamisri waliandika sehemu zao kwa kiasi cha 1, isipokuwa 2/3, na jibu walilotoa ni kwamba kila mtu apate 2/3, na 1/5, na 1/30 ya mkate. Je, ni sahihi? Tuziandike zote kwa asili ya 30: 20/30, 6/30 na 1/30. Jumla ni 27/30, nayo ni sawa na 9/10. Ni sahihi kabisa. Ningependa kila mtoto wa Afrika alikague jibu hilo kwa kalamu yake, ajue kwamba hesabu hizi hazikuletwa kwetu kama wageni.

Nako tunakoishi kila siku sehemu hizi zinatuzunguka. Asilimia ni sehemu yenye asili ya 100: robo ni 25/100, ndiyo asilimia 25. Desimali ni sehemu zenye asili ya 10, 100, 1,000: robo hiyohiyo ni 0.25. Mtoto anayefundishwa sehemu, desimali na asilimia kama mada tatu zisizohusiana anabeba mizigo mitatu. Aliyeelewa sehemu zilizo sawa anabeba mmoja.

Tufanye nini

Kwenu walimu: toeni vipindi vya kutosha kwa kanda na mistari ya namba, bila kuona kwamba mnapoteza muda. Muda unaopotea ni ule wa kurudia kanuni kila mwaka kwa watoto walewale. Mwacheni mtoto aseme kabla ya kuandika. Akisema "theluthi mbili" anataja vipande na idadi yake; akisema tu "mbili juu ya tatu" anataja jinsi wino ulivyokaa. Naye akikosa, muulizeni amefikaje hapo, kwa upole, kwa sababu ndani ya kosa lake mtakuta mahali pa kuanzia.

Kwenu watunga mitihani: punguzeni maswali ya kujaza nafasi, kama 2/3 = ?/12. Ulizeni ipi kubwa kati ya 5/8 na 2/3, na mtake sababu. Aliyetumia ukanda atawaambia ni 15/24 na 16/24, tena atajua kwamba tofauti yake ni sentimita moja. Ulizeni: Juma amekula nusu ya mkate, Asha naye nusu ya mkate mwingine, je, lazima wamekula sawa? Walimu hufundisha kinachoulizwa. Mtihani ukiuliza maana, maana itafundishwa.

Kwenu wazazi: hamhitaji cheti cha ualimu. Mkiwa jikoni mwambieni mtoto apime nusu kilo ya unga kwa kutumia jiwe la robo. Mkigawa chapati mbili kwa watoto watatu, mwacheni yeye akate, kisha aseme kila mmoja amepata kiasi gani. Msimpe jibu. Mpeni muda.

Nanyi vijana mnaoingia kazini, mtakutana na watoto ambao wameshaambiwa kwamba hawana kichwa cha hisabati. Wengi wao hawana tatizo la kichwa. Walipewa kanuni wakakosa kitu. Wapeni kitu kwanza. Wapeni karatasi waikunje, waikate, waipime, wabishane, waafikiane. Kanuni wataisema wenyewe, na itakuwa mali yao.